Ayala Hupasuliwa Pale Alipoanguka

Madison, Wisconsin, Marekani
8 Desemba 2024

Swahiba wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na jamaa wote hapo Singida. Sisi huku hatujambo, ila baridi imekwisha kubisha hodi. Uliniuliza swali ambalo ni mchinjaji pekee angeliuliza: mnyama akipigwa risasi msituni, mbali na machinjio na maji ya bomba, na bila bwana mifugo wa kukagua na kupiga muhuri, nyama yake hufikaje nyumbani ikiwa salama? Nakujibu kwa kirefu, kwa sababu Jumamosi ya tarehe 23 Novemba, siku ya kwanza ya msimu wa bunduki wa siku 9, nilikuwa katika shamba la mzee jirani yetu, na safari hii kisu alinikabidhi mimi.

Mnyama tuliyemwinda namwita ayala, kwa jina lililomo katika Zaburi. Wapo wanaomwita kulungu, lakini kulungu wa kwetu hudumu na pembe zake maisha yote, ilhali dume la huku huziangusha kila mwaka na kuotesha nyingine.

Kazi hufanyika karibu sana na pale mnyama alipoanguka, tena mapema, kwa kuwa adui mkubwa wa nyama ni joto. Manyoya yake ya msimu wa baridi yana uwazi ndani kama mirija, nayo huhifadhi joto la mwili hata baada ya kufa, huku majani yaliyomo tumboni yakiendelea kuchacha na kulivimbisha. Anayemburuta kwanza hadi kwenye gari akidhani atampasua nyumbani hujikuta ameharibu nyama kabla hajaionja. Tulichofanya ni kumsogeza hatua chache tu, mbali na kijito na njia ya watu, hadi mahali pakavu penye mteremko kidogo, tukamlaza chali kichwa kikielekea juu ili kila kitu kiteremke chenyewe. Kabla ya hapo tulimkaribia kutoka nyuma na kumgusa jicho kwa ncha ya fimbo ndefu. Jicho lisilopepesa ndiyo ruhusa ya kuweka bunduki chini.

Hachinjwi shingoni kama ulivyozoea. Risasi iliyopita kifuani imekwisha kumwaga damu ndani, nayo hutoka mara kifua kinapofunguliwa.

Kisu chenyewe ni kifupi, hakizidi urefu wa kidole cha kati, na mikono huvaa glavu. Nilianza nyuma, nikikata kuzunguka njia ya haja kubwa hadi ikalegea, kisha nikaifunga kwa uzi ili kinyesi kisimwagike. Halafu nikatoboa tundu dogo chini ya kidari, nikaingiza vidole viwili vya mkono wa kushoto, nikainua ngozi pamoja na nyama ya tumbo, na kupitisha kisu katikati ya vidole hivyo makali yakitazama juu. Hapo ndipo palinishinda mwaka jana: nilielekeza makali chini, nikapasua tumbo kubwa, na maji ya kijani yenye harufu kali yakaingia hadi kwenye sarara, ikabidi tuikate na kuitupa karibu yote. Safari hii nilikwenda taratibu, nikihisi kwa ncha za vidole utumbo ukiteleza chini yake, wenye moto kiasi cha kufukiza mvuke katika hewa ya asubuhi.

Tumbo likishafunguka, hukatwa kiwambo kinacholitenga na kifua, kuzunguka mbavu zote, kisha mkono huingia ndani hadi kwenye kiwiko kutafuta koo la hewa. Ukilishika imara na kulikata juu ya mkono wako, ukalivuta kwa nguvu kuelekea nyuma, mapafu, moyo, ini na matumbo hufuatana kama mzigo mmoja. Kibofu tu ndicho hubanwa kwa vidole na kutolewa peke yake. Nilipogeuza ini nikatafuta nyongo kwa hofu ile uliyonifundisha tangu utotoni, mzee akaniambia nisijisumbue: ayala hana kifuko cha nyongo kabisa. Hilo nilijua ungependa kulisikia.

Baada ya hapo tulimgeuza kifudifudi damu ichuruzike, tukamzuilia mbavu kwa kijiti ili hewa baridi ipite, ndipo tukamburuta. Matumbo tuliyaacha palepale kwa idhini ya mwenye shamba, na kabla ya jioni tai wenye vichwa vyeupe walikuwa wamekwisha kuyaona. Kwa ajili yao mzee hutumia risasi za shaba, kwani zile za madini ya risasi huacha chembe ndogo katika matumbo, na tai akizimeza husumika na hata kufa. Ningependa kila mwindaji afanye hivyo.

Sasa kuhusu ukaguzi. Hapa mwindaji ndiye jicho la kwanza: huangalia ini kama lina madoa, na mapafu kama yameshikamana na mbavu. Lakini upo ugonjwa wa ubongo wa ayala, ulioonekana Wisconsin kwa mara ya kwanza mwaka 2002, ambao macho hayauoni na moto wa jikoni hauuondoi. Haijathibitishwa kwamba umewahi kumwambukiza binadamu, lakini wataalamu wa afya hushauri nyama ya mnyama mwenye ugonjwa huo isiliwe. Kwa hiyo hatukupasua uti wa mgongo wala fuvu, tukapeleka kichwa ili tezi za nyuma ya taya zipimwe, na nyama ikakaa kwenye friza bila kuguswa. Majibu yalitoka juzi: ni mzima. Jana usiku tulikaanga ini kwa vitunguu, na watoto wakaomba tena.

Nyama ya shingo bado ipo, nayo ni ngumu mno. Nieleze mnavyoichambua hapo buchani, mfupa kwa mfupa, nami nitaijaribu Jumapili ijayo.

Wako akupendaye daima,
Rafiki yako wa tangu shule ya msingi