Juma, usilipie rimu kabla ya kupima

Juma ndugu yangu,

Habari za huko? Sisi wazima. Picha za gari nimeziona, na madigadi mapya mapana yamekaa vizuri mno, hasa ya nyuma. Ila uliposema unataka rimu za 10J, yaani upana wa inchi 10, kwa sababu sasa nafasi ipo, nikaona nikuandikie leo hii.

Nafasi uliyopata ni ya nje tu. Ndani shokapu iko palepale. Kwa hiyo upana peke yake haukwambii kitu, angalia na ET, ile namba iliyogongwa kwenye rimu: ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wa kufungia, na ikipungua rimu inatoka nje zaidi. Za sasa ni 7J, ET45. Ukifunga 8.5J yenye ET25, ukingo wa nje unasogea nje kama milimita 39 na wa ndani haubadiliki. Hizo 10J zako zenye ET0 zinatoka milimita 83! Madigadi yameongeza 50. Tairi litachungulia nje, usukani utakuwa mzito, na beringi zitaumia.

Mjomba najua atakushauri spesa, yale mabamba ya kuweka nyuma ya rimu ili itoke nje. Mimi naona bora rimu yenye ET inayofaa tangu mwanzo.

Tairi, toka 205/55R16 uende 245/45R16 (upana kwa milimita, ubavu kwa asilimia ya upana, kisha inchi za rimu). Kimo cha tairi zima kinapungua milimita 5 tu, spidomita haitaona tofauti. Inchi 18 zinapendeza, najua, lakini barabara ile ya kwenu...

Narudi kwenye ET, maana ndiyo inayonisumbua. Gari likiwa limesimama chini, si juu ya jeki, ning'iniza uzi wenye nati kutoka ukingo wa digadi, upime hadi ukingo wa rimu. Ndani nako pima, kutoka rimu hadi shokapu. Kisha pakia watu nyuma, upime tena. Na matundu ya nati uyahakikishe: 5x112 na 5x114.3 (matundu matano, na kipenyo cha duara lake kwa milimita) kwa macho ni mamoja, lakini haziingiliani.

Niambie basi: umeshatoa hela yoyote? Fundi alikata bodi ya zamani, au amebandika madigadi juu yake tu? Maana kama hakukata, lile bati litakula tairi gari likibonyea, hata ET iwe nzuri vipi. Utashusha springi? Na Salma amekubali kelele za tairi pana? Nijibu kabla ya kwenda dukani, tafadhali.

Wako,
Idi