MALALAMIKO KUHUSU SHATA YA KAMERA ILIYOLIPIWA BILA KUBADILISHWA

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Karakana ya Kamera,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Yah: Madai ya kubadilishiwa shata ya kamera ya Nikon D750 au kurejeshewa fedha

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpiga picha wa harusi, sendofu na mahafali hapa Tanga, na kamera ninayoiandikia barua hii ndiyo inayoendesha studio yangu. Niliituma kwenu kwa sababu picha nilizopiga kwa kasi kubwa zilikuwa zikitoka na ukanda mweusi upande wa juu. Fundi wenu aliniambia kwa simu kwamba shata, yaani mapazia mawili yanayofunguka na kufunga ili kuingiza mwanga, imechoka na inafaa ibadilishwe, nami nikalipa shilingi 480,000, kama inavyoonekana kwenye risiti yenu ya EFD iliyoandikwa waziwazi kuwa malipo ni ya shata mpya pamoja na ufundi. Kamera imerudi na ukanda uleule.

Nilipowapigia, nilijibiwa kwamba tatizo ni taa za ukumbini. Ni kweli kwamba taa za tyubu na baadhi ya zile za LED hupepesa mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50, na kasi kubwa ya shata huweza kunasa mpepeso huo ukaonekana kama mistari kwenye picha. Ni kweli pia kwamba flashi ya studio ikitumika kwa kasi iliyopita kiwango chake hutoa kivuli cha namna hiyo, kwa kuwa pazia la pili la shata huwa limeanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua. Ndiyo maana niliipima kamera nje, kwenye jua la saa nne asubuhi, bila flashi, nikilenga ukuta mweupe, kwanza kwa lenzi moja kisha kwa nyingine. Kwa kasi ya 1/60 ya sekunde picha ni safi kabisa. Kwa 1/1000 ukanda unaanza kuonekana. Kwa 1/4000, ambayo ndiyo kasi ya mwisho ya kamera hii, umekula karibu robo ya picha. Tatizo linaloongezeka hivyo kadiri kasi inavyopanda linatokana na mapazia mawili ya shata kutokwenda kwa mwendo mmoja, na fundi wa kamera hahitaji kuelezwa hilo na mteja.

Lililonifanya niandike barua badala ya kupiga simu tena ni hili. Kabla ya kuituma kamera niliiweka katika hali ya MUP, ile ya kuinua kioo kilicho mbele ya shata, nikatoa lenzi, nikakiinua kioo, nikapiga kwa simu picha ya pazia la shata likiwa limefungwa, kwa ajili ya kumbukumbu zangu. Kwenye ubapa wa tatu kutoka chini, karibu na kona ya kulia, kuna mkwaruzo mwembamba unaong'aa, uliopinda mwishoni kama ndoana. Kamera iliporudi nilifanya vilevile, na mkwaruzo huo upo, mahali palepale, umbo lilelile. Shata mpya haiwezi kuja na mkwaruzo wa shata ya zamani. Picha zote mbili nimeziambatanisha.

Sasa mnanishauri ninunue bodi mpya, yaani kamera bila lenzi, dukani kwenu kwa punguzo, kwa maelezo kwamba kamera yangu imeshapita mipigo 150,000. Ushauri huo siukubali. Idadi hiyo ni kiwango ambacho mtengenezaji aliipimia shata ya D750, wala si tarehe ya kuisha kwake. Zipo zinazokufa mapema na zipo zinazokwenda mbali zaidi. Isitoshe, kamera za Nikon huandika hesabu ya mipigo ndani ya data za kila picha, hivyo fundi wenu angeweza kuisoma siku ya kwanza, kabla ya kupokea fedha yangu. Kubadilisha shata kuna maana iwapo gharama yake iko chini sana ya bei ya bodi nyingine, na iwapo mtambo wa kioo, saketi na mdomo wa lenzi bado ni vizima. Nilipiga hesabu hiyo kwa kutegemea neno lenu. Kama kamera haikustahili kutengenezwa, mlipaswa kuniambia wakati ule, si baada ya kulipwa.

Naongeza pia kwamba mwaka 2015 Nikon yenyewe ilitangaza kuwa shata za baadhi ya kamera za D750 huenda zisifanye kazi sawasawa na kutia kivuli sehemu ya picha, ikakubali kuzitengeneza bila malipo. Sidai kwamba yangu ni mojawapo, ila karakana inayotoza fedha kwa tatizo hilohilo ilitakiwa angalau kuangalia namba ya kamera. Fomu yenu ya mapokezi haina hata nafasi ya kuiandika.

Kwa hiyo nadai kamera ifunguliwe mbele ya mwakilishi wangu aliyeko Dar es Salaam, shata ibadilishwe kweli, na ile iliyotolewa nikabidhiwe. Au nirejeshewe shilingi 480,000 zote pamoja na gharama ya usafirishaji. Nahitaji jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata, nitawasilisha malalamiko haya Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kumpotosha mlaji.

Wako mwaminifu,

Mmiliki wa studio ya picha,
Tanga.

Viambatanisho: nakala ya risiti ya EFD, picha mbili za pazia la shata, picha za majaribio ya ukuta mweupe.