Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Moroko: usiwasingizie wazazi

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Mimi ni Mtanzania niliyesoma Rabat kwa ufadhili wa nchi yako, kwa hiyo nasema kama mgeni aliyekula chumvi ya wenyeji. Nakuandikia kuhusu somo la Kiamazigh, lugha ya asili ya Moroko ambayo wengi kwetu wanaiita Kiberberi.

Siku moja nikiwa Agadir nilimwomba mzee mmoja anisomee kibao cha ofisi kilichoandikwa Kiarabu, Kifaransa na Tifinagh, yaani herufi za Kiamazigh. Alikuwa akizungumza Tashelhit, Kiamazigh cha kusini, na mkewe muda wote. Akacheka. Lugha ile kanyonya kwa mamake, akasema, lakini zile alama kwake ni michoro tu.

Kila ninapomkumbuka nasikia tena hoja niliyoizoea Rabat: Kiamazigh hakisongi mbele shuleni kwa sababu wazazi wenyewe hawakitaki, wanataka Kifaransa. Ni kweli wapo wanaosema hivyo, nami nimewasikia. Ila wamefunzwa na nani? Somo lilianza mwaka 2003 katika shule 317, kwa ahadi kwamba kufikia 2010 lingekuwa katika shule zote za msingi. Mwaka 2010 ukapita. Katiba ya 2011 ikakifanya lugha rasmi, na sheria ya utekelezaji ikasubiriwa hadi 2019. Sasa tunaambiwa 2030. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza 2003 leo ni mtu mzima, huenda naye anatafutia mwanawe shule. Atalichukuliaje somo hilo kwa uzito, ikiwa serikali yenyewe imelichelewesha hivyo?

Kwa jirani yako Algeria (najua hamsalimiani siku hizi) wanafunzi wa Kabylie, eneo la wasemaji wa Kiamazigh, walisusia masomo karibu mwaka mzima, 1994 hadi 1995, wakidai lugha hii ifundishwe. Hao nao tuseme hawakuitaka?

Wengine wanalalamika kwamba Kiamazigh sanifu ni cha maabara, si Tarifit ya kaskazini, si Tashelhit, si cha Atlas ya kati. Hilo halinitishi. Kiswahili sanifu kilipojengwa juu ya Kiunguja, watu wa Mombasa waliguna, na Kimvita hakikufa kwa hilo. Na sisi tusijisifu mno: Kisukuma, chenye mamilioni ya wasemaji, hakina kipindi darasani.

Ninachokuomba ni kidogo. Somo lipewe alama zinazohesabika katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, maana mzazi husoma ripoti ya mwanawe kabla ya kusoma katiba. Mwalimu wa Kiamazigh asizungushwe madarasa mengi hadi akawa mgeni kila anapoingia. Na lifundishwe Casablanca na Fès kwa bidii ileile ya Souss, eneo la Agadir, lisije likaitwa somo la watu wa milimani.

Vibao tayari mmevitundika. Yule mzee ana wajukuu, na wangeweza kumsomea.

Wako,
Mgeni wenu wa zamani, Rabat