Barua ya wazi kwa vijana wa kamera: lijueni duara la Ballhaus

Marahaba, vijana wangu wa harusi, wa video za muziki na wa tamthilia.

Siku hizi bibi harusi hakai dakika mbili bila kuzungukwa na kamera. Gimbali, vile vishikio vinavyotuliza kamera mkononi, zimekuwa rahisi, basi mnazunguka, na ukiuliza sababu hupati jibu. Ndiyo maana nataka mumsome Michael Ballhaus, mpiga picha za filamu Mjerumani aliyezaliwa Berlin mwaka 1935 na kufariki huko huko Aprili 2017. Mzunguko wa nyuzi 360 kwao Ujerumani unaitwa kwa jina lake.

Wazazi wake walikuwa waigizaji wa jukwaani. Akiwa kijana aliingia seti ya mwongozaji Max Ophüls iliporekodiwa Lola Montès (1955), filamu ambayo kamera yake haitulii, na kazi akawa ameichagua. Akaanzia televisheni, Baden-Baden. Kisha akafanya filamu zaidi ya kumi na Rainer Werner Fassbinder, mwongozaji aliyefanya kazi kwa haraka ya ajabu: filamu ya 1972 kuhusu Petra von Kant, ambayo karibu yote imo ndani ya chumba kimoja, walirekodi kwa siku 10. Chumba kimoja kinakulazimisha kufikiri. Ukiganda pembe moja mtazamaji anachoka. Ukihama bila mpango, stendi za taa zinaingia kwenye picha.

Tafuteni Martha, filamu yao ya 1974. Mwanamke na mwanamume wasiojuana wanapishana nje, Roma. Kamera inawazunguka, na wao wenyewe wanageuka. Ni sekunde chache, hakuna neno lililosemwa, lakini umeshajua kwamba huyu mwanamke amenaswa. Duara hilo limebeba habari ambayo midomo haijaitamka. Lenu limebeba nini? Kama jibu ni "linapendeza", simameni, mpige picha iliyotulia.

Mkiipata sababu, lifanyeni sawasawa. Reli za kupinda za nyuzi 45 zinafunga duara kwa vipande 8. Pimamaji wekeni juu ya kila kiungo, kwa sababu kipande kinaweza kulala sawa huku kiungo kimeinuka, na toroli iliyobeba kamera ikipita hapo picha inaruka. Kabari chini, mifuko ya mchanga pembeni. Mhusika akisimama katikati hasa ya duara la nusu kipenyo cha mita 2, fokasi haiguswi. Akisogea nusu mita tu, umbali wake unacheza kati ya mita 1.5 na 2.5 kila mzunguko, na tundu la lenzi likiwa limefunguliwa sana uso unapotea kwenye ukungu. Alama ya tepu sakafuni iwe ndogo, yenye rangi ya sakafu, maana kamera itauona kila upande.

Kasi nayo ina hesabu yake. Mzingo wa duara hilo ni kama mita 12.6. Ukilimaliza kwa sekunde 20, unakwenda nyuzi 18 kwa sekunde. Lenzi ya milimita 35 kwenye sensa ya Super 35 (yenye upana wa kama milimita 25) inaona upana wa takribani nyuzi 39, kwa hiyo kitu cha mbali nyuma kinavuka picha kwa sekunde mbili na ushei. Hakitasomeka, wala si kosa: jicho limeshika uso ulio katikati. Lakini kasi hiyo hiyo ukiitumia kuigeuza kamera iliyosimama pale pale ukumbini ili kuwaonyesha wageni, picha inakatikakatika. Hapo kitu kipewe kama sekunde 7 kuvuka.

Taa ndiyo inayowaangusha wengi. Kwenye duara stendi haina pa kujificha, kwa hiyo taa ziende darini, au ziwe zile zinazoonekana kwenye picha, kama taa za mezani, zenye swichi ya kupunguza mwanga. Fuateni kivuli chenu kwa mzunguko mzima kabla ya kurekodi. Kuna pembe moja ambapo kamera itaziba mwanga na kumpiga mhusika kivuli usoni. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo rekodini fremu 25 kwa sekunde, shata ya 1/50 ya sekunde, la sivyo balbu za LED za bei ya chini zitatetemeka.

Miaka ya 1980 Ballhaus alihamia Marekani, na wepesi alioupata kwa Fassbinder ukamfaa. Mwongozaji Martin Scorsese alimpa After Hours (1985), kazi ya usiku mitaani New York, kisha filamu nyingine sita. Katika Goodfellas (1990) ule mwendo mnaoupenda, wa dakika kama tatu kupitia jikoni hadi meza ya klabu, aliyebeba Steadicam, kamera inayofungwa mwilini ili isitikisike, ni Larry McConkey, si Ballhaus. Mkuu wa picha anapanga mwanga, lenzi na njia. Si lazima kamera iwe mikononi mwake. Tena katika filamu hiyo hiyo kuna mgahawa ambapo wawili wamekaa dirishani na barabara ya nje inawasogelea. Toroli inarudi nyuma huku zumu ikivuta mbele. Uwiano ndio siri: ukianza milimita 25 kwa mita 1.5, ufike milimita 75 kwa mita 4.5. Mkono wa zumu ukichelewa, kichwa kinavimba au kusinyaa, na kila mtu ataona.

Aliteuliwa mara tatu kwa Oscar asiipate. Tamasha la filamu la Berlin likamtunuku tuzo yake ya Dubu wa Dhahabu ya heshima mwaka 2016. Wakati huo presha ya macho (glakoma) ilikuwa imemla karibu nuru yote. Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi. Huanza kwa kula pembezoni mwa upeo wa jicho, na mtu wa kamera, aliyezoea kufumba jicho moja, anaweza kuchelewa kuutambua. Matone ya kila siku husaidia kuuzuia usiendelee, ila nuru iliyopotea hairudi. Aliyezidi miaka 40, au mwenye mzazi ama ndugu aliyeugua, akapimwe mwezi huu.

Mzee wenu katika kazi.