Elfu kumi ya zawadi, tangu 1997?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi niongee kuhusu zawadi, si hongo jamani, zawadi zile za Krismasi na Idi ambazo kampuni inawapa watu wake. Mimi nashika hesabu za kampuni moja ndogo hapa Jinja, Uganda. Disemba iliyopita bosi akamnunulia kila mfanyakazi mchele kilo tano, sukari na mafuta ya kupikia, halafu kazi ya kumwambia kwamba kisheria huo nao ni mshahara na lazima uingie kwenye PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, ikaniangukia mimi. Alinitazama kama mchawi.

Lakini sheria yetu ya kodi ya mapato ndo inavyosema, marupurupu ya mwezi mzima yakiwa chini ya shilingi 10,000 yanasamehewa, yakizidi yanahesabiwa. Sheria hiyo ni ya 1997! Wakati ule dola moja ilikuwa elfu na kitu, kwa hiyo elfu kumi ilikuwa pesa, ukienda nayo sokoni unarudi na kikapu kimejaa. Leo hata kilo ya nyama haitoshi.

Sasa dada yangu yuko Uingereza na ana kakampuni kake, akaniambia kule tangu Aprili 2016 zawadi ndogo isiyozidi pauni 50 haikatwi kodi na wala huhitaji kuiripoti. Isiwe pesa taslimu, isiwe imeandikwa kwenye mkataba, na hapa ndo nilicheka, isiwe ya kumshukuru mtu kwa kazi yake! Bethidei sawa, Krismasi sawa, ila ukisema "hii ni kwa sababu umepiga kazi" umeshaiharibu. Na ikizidi pauni 50 hata kwa peni moja inahesabiwa yote, sio ile peni peke yake.

Ila kilichonifanya niandike ni madairekta. Kampuni ikiwa mikononi mwa watu watano au pungufu, dairekta hawezi kupokea zaidi ya pauni 300 za zawadi hizo kwa mwaka, na za watu wa familia yake wasiofanya kazi kwenye kampuni zinaingia humo humo, ila aliye mfanyakazi ana kikomo chake cha pauni 300. Wamejua kwamba hapo anayetoa na anayepokea ni mtu yule yule.

Huku tukipandisha elfu kumi bila hiyo kamba, mimi nimekaa ofisini miaka, najua. Bosi atajizawadia kila wiki, mke wake aliye kwenye orodha ya mishahara naye hivyo hivyo, mfagiaji atapewa kalenda. Si tunaona kwenye magari? Sheria inataka asilimia 20 ya thamani ya gari la kampuni ihesabiwe kama kipato cha anayelitumia kwa mambo yake, lakini nenda kwanjula yoyote, ile sherehe ya bwana kutambulishwa kwa wakwe, Jumamosi uhesabu magari ya kampuni pale nje.

Wabunge mwaka 2016 walipata muda wa kujisamehe kodi ya posho zao, basi wapate na wa hii. Laki moja kwa mwezi ingefaa, iwe vitu sio pesa, na dairekta pamoja na familia yake wawekewe kikomo cha mwaka.

Kwa sasa nimemshauri bosi Disemba hii anunue mbuzi wawili tupikie pale pale kazini, maana chakula cha kazini ambacho wote wanapewa sawa kimesamehewa.

Mshika hesabu,
Jinja