Huu mkono ni wa nani?

Mhariri,

Mimi ni kinyozi hapa Bondeni, Nakuru, si mbali na uwanja wa Afraha. Ukuta ulio nyuma ya kiti cha wateja nimeubandika kurasa za michezo tangu 2016. Natumia uji wa unga wa ngano (mende wanaupenda, lakini gundi ya dukani bei yake haishikiki). Mteja akiketi anatazama kioo, na kioo kinamwonyesha ukuta, kwa hiyo watu wangu wamezoea kusoma vichwa vya habari kinyumenyume huku wakinyolewa.

Jumamosi moja baada ya mashindano ya dunia ya riadha ya Tokyo, baba mmoja aliniletea bintiye wa Gredi ya pili nimpunguze nywele. Nilikuwa nimetoka kubandika picha ya Faith Kipyegon, bendera mabegani, anacheka. Mtoto akaitazama muda mrefu, kisha akaniuliza: "Anko, huu mkono ni wa nani?"

Nikageuka. Begani mwa Faith palikuwa na vidole vinne na kipande cha kiganja, basi. Mwenye mkono nilimkata mwenyewe kwa makasi ili picha itoshee kati ya kalenda na swichi ya taa. Mkono ule ulikuwa wa Beatrice Chebet. Na mbio zile, mita 5000 za tarehe 20 Septemba 2025, mshindi alikuwa Chebet! Faith alikuwa wa pili, wakiachana kwa chini ya sekunde moja. Nilikuwa nimemkata mwenye dhahabu nikambakiza mwenye fedha.

Mashine ikanguruma mkononi bure. Baba mtu akacheka mpaka akakohoa.

Kosa ni langu, lakini makasi yangu hayakuanza kazi hiyo. Gazeti lenyewe nililolikata, ambalo sitalitaja, lilikuwa na kichwa cha habari kikimpa Faith pole kwa kukosa dhahabu. Jina la Chebet lilichomoza aya ya tatu, kama mgeni aliyechelewa harusini. Na huyo ni mtu aliyekuwa amekwisha kuchukua dhahabu ya mita 10,000 kwenye mashindano hayohayo.

Nisieleweke vibaya. Faith ni wetu kabisa. Kwao Keringet ni Nakuru hii hii. Alipotwaa dhahabu yake ya tatu ya Olimpiki ya mita 1500 kule Paris mwaka 2024, baada ya zile za Rio na Tokyo, kesho yake niliwanyoa wateja watano wa kwanza bila malipo. Mke wangu hadi leo hajanisamehe. Chebet naye si wa mbali, ukishapita Molo na Mau Summit unakaribia Londiani kwao. Kwa hiyo hapa hakuna ugomvi wa kijiji na kijiji.

Kinachonisumbua ni hesabu za mwaka jana huohuo, 2025. Juni nzima hatukupumua. Redio, runinga na magazeti yote yalikuwa na jambo moja: Faith atakimbia maili moja chini ya dakika nne? Tulielezwa vazi lake, viatu vyake, na jinsi wenzake wangejipanga mbele na nyuma kumkinga upepo. Mteja wangu mmoja, fundi wa nguo, alinichorea lile vazi kwenye mgongo wa risiti. Tarehe 26 Juni, Paris, akakimbia dakika nne na sekunde sita. Ni kasi ya kutisha, hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kuikaribia, lakini ukuta wa dakika nne ulibaki umesimama.

Siku tisa baadaye, Jumamosi tarehe 5 Julai, kule Eugene, Marekani, ukuta mwingine ulianguka kwelikweli. Chebet alikimbia mita 5000 kwa 13:58.06. Mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 14! Siku hiyohiyo, uwanja huohuo, Faith naye akavunja rekodi yake mwenyewe ya mita 1500 kwa 3:48.68. Rekodi mbili za dunia, mabinti wawili wa Kenya, kiwanja kimoja. Jumatatu ilikuwa Saba Saba, siku ya maandamano, sikufungua. Jumanne nikanunua gazeti nikaenda moja kwa moja kwenye kurasa za nyuma. Faith nusu ukurasa. Chebet aya moja, nayo ilianza na "wakati huohuo".

Hakuna neno linaloniudhi kwenye habari za michezo kama hilo "wakati huohuo". Likitokea, jua kuna mtu anasukumwa kwenye kona.

Wala halikuanza na akina dada hawa. Oktoba 12, 2019, Eliud Kipchoge alikimbia marathoni Vienna kwa 1:59:40, na hapa kwangu watu walijazana hadi mlangoni kutazama runinga ndogo ya inchi 19. Kesho yake, yaani chini ya saa 48 tangu tushangilie, Brigid Kosgei akakimbia Chicago kwa 2:14:04 na kuivunja rekodi ya dunia ya wanawake ya Paula Radcliffe iliyokuwa imedumu miaka 16. Ya Vienna haikuingia kwenye vitabu vya rekodi kwa sababu haikuwa mbio za kawaida. Ya Chicago iliingia. Ukutani kwangu Kipchoge yuko mara tisa. Kosgei yuko mara moja, na tangazo la simu limemla miguu. Wiki iliyopita niliwajaribu wateja. Saa ya Vienna wanaikariri kama namba ya simu. Habari ya Chicago aliijua mmoja tu, na huyo ni mtu wa Marakwet, kwao Kosgei, kwa hiyo simhesabu.

Najua jibu lako, Mhariri: nyota ndiye anayeuza gazeti. Sikatai. Mimi pia ni mfanyabiashara, na picha ya Faith ndiyo niliyoichagua. Lakini kila Jumatatu mnachapisha jedwali la ligi ya Uingereza, timu zote ishirini, mabao ya kufunga na ya kufungwa. Timu inayoburura mkia kule nazijua alama zake bila kutaka. Lilian Odira alipotwaa dhahabu ya mita 800 kwenye mashindano yale ya dunia ya Tokyo kwa 1:54.62, akafuta rekodi ya mashindano iliyokuwepo tangu 1983, nilitaka kujua nani alimfuata na kwa muda gani. Nililipindua gazeti lote, mpaka matangazo ya vifo. Nililazimika kumwomba kijana wa bodaboda anitafutie kwenye simu yake.

Ombi langu ni dogo. Siku ya fainali, wekeni kijisanduku chenye ukubwa uleule wa jedwali la Uingereza: wa kwanza hadi wa nane, jina, nchi, muda. Mkikosa nafasi, punguzeni picha ya nyota vidole viwili. Hatapungukiwa na kitu.

Kile kipande nilichomkata Chebet nilikitafuta, lakini kilikuwa kimeshafagiliwa pamoja na nywele. Nimechukua kalamu nikaandika juu ya vile vidole vinne: CHEBET, WA KWANZA. Herufi zimepinda na wino unachuja kwa sababu ya ule uji. Mkichapisha picha nzima, nitanunua nakala mbili, moja ya ukutani na moja ya yule mtoto.

Kinyozi wa Bondeni,
Nakuru