Mama, kumbe Kihindi ulikuwa unakijua

Hamtramck, Michigan

Mama mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inayonitia adabu. Juma lililopita iliua betri ya gari yangu, na tangu hapo nakwenda kazini kwa lifti ya mzee mmoja wa Kihindi, mtu wa Lucknow, tunayefanya naye zamu ya usiku. Gari ya mzee huyo ndiyo sababu ya barua hii.

Ndani ya gari ile hapapigwi kitu ila nyimbo za filamu za zamani. Siku ya kwanza, nilipofunga mlango tu, nikamsikia Mukesh, mwimbaji wako. Wallahi nilidhani nimeingia chumbani kwako, nawe uko kwenye cherehani. Ilikuwa "Suhana Safar", ile ya Madhumati ya mwaka 1958, Dilip Kumar anatembea milimani peke yake. Nikaifuata mpaka mwisho, kwa maneno yako. Mzee akapunguza mwendo, akanitazama kama anayetafuta kujua mimi mtoto wa nani.

Sasa nataka unisamehe. Unakumbuka tulivyokuwa tukikucheka, mimi na dada, kila ukitusimamisha na kutufasiria, "Hapa anasema dunia imemtupa"? Tukinong'onezana kuwa mama anabuni. Mzee ananieleza neno kwa neno, nami naona haya. Safar ni safari. Mausam ni msimu. Duniya ni dunia, waqt wakati, zamana zamani, maut mauti, na shair ni mshairi. Yote asili yake Kiarabu. Kwao yamepita kwa Waajemi, kwetu yamekuja na majahazi. Wewe ulikuwa unashika neno moja hapa, moja kule, na uso wa Nargis, yule mwigizaji, unakumalizia yaliyobaki.

Umekosea moja tu. "Kahin Door", ya filamu ya Anand, 1971: Rajesh Khanna ni mgonjwa asiyetazamiwa kupona, na jua linazama. Ulitwambia anaimba habari za nguo, kwa vile umesikia "badan". Nimeuliza. Kwao badan ni mwili, si badani ya kanzu. Yogesh, aliyetunga maneno, ameifananisha jioni na biharusi anayekuja kimya kimya, anauficha mwili wake kwa haya. Lakini biharusi ataufichaje bila ya nguo? Kwa hiyo nimekupa nusu.

Marehemu baba naye alikuwa mtu wa Mohammed Rafi, akisema Mukesh anaimba kwa pua. Pua ilikuwapo, tusibishane na marehemu. Rafi anapanda, anashuka, anazungusha sauti mpaka unashika kichwa. Mukesh hana hayo. Alianza kwa kumwiga Saigal, mwimbaji aliyemtangulia. Mzee alinipigia "Dil Jalta Hai" ya mwaka 1945 na mimi nikaapa ni Saigal. Alipoacha kuiga, ikabaki sauti ya mtu anayeimba huku ana shughuli yake mkononi. Nadhani ndiyo maana ukamchagua. Rafi huwezi kumfuata huku unatia uzi kwenye sindano.

Halafu kuna jambo ambalo sikulijua, na nimeishi hapa miaka yote hii. Mukesh amefia hapa jirani, Detroit, tarehe 27 Agosti 1976, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 53. Alikuwa ziarani na mwimbaji mwenzake, Lata Mangeshkar. Lata ndiye aliyeusindikiza mwili kurudi India. Na Raj Kapoor, yule mwigizaji uliyekuwa ukimwangalia sinema ya Majestic pale Vuga, Unguja, kwenye maonyesho ya wanawake peke yao, ukidhani anaimba mwenyewe, yeye alisema kuwa sauti yake ndiyo imeondoka. Kwa miaka alikuwa akifumbua mdomo tu, Mukesh yuko studio. Mzee alinihadithia haya tuko kwenye barabara kuu, theluji inapiga kioo, na sote wawili tukanyamaza mpaka getini.

Jana kaniomba nimwimbie unavyoimba wewe. Nikamwimbia "Awaara Hoon" yote, na yale maneno yako ya kujazia, mpaka pale unapomtaja muuza urojo. Alicheka hadi taa ikageuka kijani na wa nyuma wakatupigia honi. Kisha akaniambia maneno yako hayana maana katika lugha yoyote anayoijua, ila mwanamke huyu, kila pumzi ameivuta pale pale anapoivuta Mukesh. Akanitaka nikufikishie salamu.

Pesa ya bati nitatuma Ijumaa. Mwambie dada asimlipe fundi kabla hajamaliza upande wa jikoni. Betri nimeshanunua, iko chini ya kitanda. Mzee sijamwambia.

Mwanao